Mashine Yake Iko Wapi?

Simu ilipita mikono minne kabla ya kunifikia. Ilikuwa baada ya sala ya magharibi, kwenye baraza moja ya Mji Mkongwe, muuza kahawa keshaweka dele lake na vikombe vinazunguka. Mwenye simu ni kijana wa mtaani kwetu anayesomea ufundi wa magari. Alikuwa ameunganisha picha mbili: juu Porsche 911 ya miaka ya 1960, chini 911 iliyotoka mwaka 2024. Alitaka tumjibu suali moja tu. Hawa Wajerumani wamefanya kazi gani kwa miaka sitini?

"Uvivu huu," alisema mmoja. "Watu wanalipwa mishahara kwa kuchora gari ileile." Mwengine akaja juu. Kitu kikishapendeza kinabadilishwa kwa nini? Akaleta na methali, mwacha asili ni mtumwa, na baraza ikagawika mapande mawili, kila upande ukitaka kuuzidi mwengine kwa sauti.

Pembeni alikaa mzee aliyekuwa nahodha, miaka mingi akivusha vyombo baina ya Pemba, Tanga na Unguja. Aliomba simu. Aliivuta karibu na uso, akaisogeza mbali, akaivuta tena. Hakutazama taa, hakutazama ringi. Aliweka kidole gumba kwenye kioo cha mbele cha gari, akakipitisha taratibu juu ya paa, kikateremka mgongoni mpaka mkiani. Akafanya vivyo hivyo kwa picha ya pili.

"Mashine yake iko wapi?"

"Nyuma, babu. Nyuma kabisa, imepita ekseli ya tairi za nyuma."

"Na hii mpya?"

"Hapohapo."

"Basi mgongo watauondoa vipi?" Akarejesha simu, akageukia kahawa yake.

Suali lile sijaweza kuliacha barazani. Wapenzi wa magari ya spoti duniani kote wanabishana jambo hili kama tulivyobishana sisi: umbo lililokwisha kupendwa liendelee kukua kidogokidogo, au livunjwe lichorwe upya? Anayetaka taratibu anaitwa mwoga. Anayetaka mageuzi anaitwa mtu asiyejua thamani ya alichorithi. Mimi naona wote wawili wanaanza pasipo. Kila gari ina jibu lake, na jibu liko pale alipouliza nahodha. Umbo la gari ya spoti, likichorwa kwa haki, linafuata mahala uzito ulipokaa: injini iko wapi, abiria wako wapi, upepo utapita wapi. Vitu hivyo vikibaki, umbo lina haki ya kubaki na kukua. Vikihama, nalo lihame, na lihame kweli.

Tuanze na hiyo 911, maana ndiyo kesi yenye mengi. Ilionyeshwa Frankfurt Septemba 1963 ikiitwa 901. Peugeot wakadai kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yao, na ile sifuri ikawa moja. Aliyeichora, Ferdinand Alexander Porsche, mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni, alikuwa hajafika miaka thelathini. Injini yake ilikuwa ya lita 2, silinda sita zilizolala, tatu kushoto na tatu kulia, inapozwa kwa feni badala ya maji, ikitoa nguvu za farasi 130. Injini iliyolala ina kimo kifupi, kwa hiyo bodi ya nyuma inaweza kushuka chini. Lakini mbele yake kidogo kuna vile viti viwili vidogo vya nyuma, na vichwa vya watu lazima vipate nafasi. Paa basi halikuweza kukatika ghafla. Ilibidi literemke kwa mteremko mmoja mrefu mpaka mkiani. Mstari ule alioufuata nahodha kwa kidole gumba ulitokana na chuma kizito kilichokaa pale. Uzuri ulikuja juu yake.

Na anayesema kwamba miaka sitini hakuna kilichofanyika hajaitazama. Gari za mwanzo zilikuwa na tabia ya kupiga mkia kwenye kona, kwa sababu uzito wote umening'inia nyuma. Kwa gari za mwaka 1969 walichukua tairi za nyuma wakazisogeza nyuma milimita 57, injini ikabaki ilipo. Milimita 57 ni kama upana wa vidole vitatu. Mtu akisimama njiani haoni tofauti, lakini dereva anaijua mikononi mwake. Miaka ya 1970 sheria za Marekani zilitaka bampa zinazoweza kustahimili kugongwa kwa mwendo mdogo, na 911 ikaota bampa nene zenye mikunjo ya mpira pembeni. Ikaja ya turbo, mabega yakatanuka na nyuma ikapandishwa bawa pana. Ile ya kwanza ilikuwa na urefu wa mita 4.16 na upana wa mita 1.61, ya leo ina kama mita 4.54 na 1.85, na uzito umetoka zaidi kidogo ya tani moja ukafika kama tani moja na nusu. Ile iliyotoka mwaka 1989 ilikuwa na vipuri vipya kiasi cha asilimia 85, na ukiiweka kando ya iliyotangulia utadhani wamebadilisha bampa tu.

Kazi hiyo naiheshimu kuliko nyingi zinazopigiwa makofi. Ni kazi ya fundi anayeng'oa boriti moja moja na kutia nyengine huku watu wanalala ndani ya nyumba.

Lakini Porsche wenyewe hawakuwa na imani hiyo siku zote, na hapa hadithi husimuliwa kwa upande mmoja. Miaka ya 1970 wahandisi wao walishafikia uamuzi kwamba injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa imefika ukingoni. Kelele, moshi, sheria za Marekani, vyote viliielemea. Mwaka 1977 wakatoa 928: injini ya silinda nane mbele, inapozwa kwa maji, bodi ya mviringo isiyofanana na chochote walichowahi kuunda. Mwaka 1978 ikachaguliwa Gari Bora ya Mwaka ya Ulaya. 911 iliwekwa kwenye foleni ya kustaafu. Kisha mwaka 1981 akaja mkurugenzi mpya, Peter Schutz, mzaliwa wa Berlin aliyekulia Marekani. Alisimulia mwenyewe kwamba aliona ukutani, katika ofisi ya mhandisi mkuu Helmuth Bott, chati ya mipango ya kampuni. Mistari ya magari mengine ilikuwa inaendelea, ya 911 imekatika mwisho wa mwaka ule. Akachukua kalamu, akaurefusha ule mstari mpaka nje ya karatasi, ukapita ukutani.

Wapenzi wa 911 wanaisimulia hadithi hiyo kama ushindi wa asili dhidi ya mageuzi. Mimi naona 928 inaonewa. Wahandisi wale waliihamisha injini, wakaipa gari umbo jipya kabisa, na wakaipa jina jipya. Hawakuchukua mgongo wa 911 wakauvisha gari yenye injini mbele. Ndiyo maana zote mbili ziliweza kuuzwa duka moja, mnunuzi akachagua, mpaka 928 ilipopumzishwa mwaka 1995. Ilishindwa sokoni, lakini haikumdanganya mtu.

Kosa ambalo Porsche walilifanya kweli lilikuja baadaye, nalo lilikuwa dogo kwa macho na kubwa kwa maana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ilikuwa inakaribia kufilisika. Wakaita wataalamu wa Kijapani waliotoka Toyota waje kuwafundisha namna ya kuunda gari bila kupoteza muda na mali. Katika kubana matumizi wakaamua 911 mpya, iliyoonyeshwa mwaka 1997, igawane taa, milango na sehemu kubwa ya mbele na Boxster, gari yao ya bei nafuu. Wakati huohuo waliachana na kupoza kwa hewa, wakaingia kwenye maji.

Sasa pima mambo mawili hayo. Kuhamia maji ni badiliko la ndani kabisa: rejeta, mabomba, sauti nyengine, injini nyengine. Zile taa mpya, zisizo tena za duara, ni plastiki na kioo. Watu walinung'unikia vyote viwili, lakini miaka saba baadaye, mwaka 2004, taa za duara zilirudi na maji yakabaki, na leo ni wachache wanaotaka maji yaondoke. Wengi husema hii inaonyesha wanunuzi hawajui kitu, wanatazama macho wanasahau moyo. Mimi nasema walijua vizuri sana. Maji yalikuja kwa haja ya gari yenyewe, ili injini iwe na nguvu zaidi na moshi mchache. Taa zilikuja kwa haja ya mhasibu. Mtu anaweza asijue neno moja la ufundi na bado akaona kwamba kitu hiki kimebadilishwa kwa ajili ya mwengine.

Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki kuna kesi inayokwenda kinyume, na naipenda kwa sababu hiyo. Chevrolet Corvette ilizaliwa mwaka 1953, boneti refu, injini mbele, dereva amekaa karibu na tairi za nyuma. Kwa vizazi saba ilikuwa hivyo. Lakini ndani ya kampuni alikuwapo mhandisi, Zora Arkus-Duntov, aliyeamini tangu miaka ya 1960 kwamba injini ihamie nyuma ya dereva, katikati ya gari. Aliunda gari za majaribio, akaandika, akashawishi, akastaafu mwaka 1975, akafariki mwaka 1996, na injini bado iko mbele. Ilihamishwa hatimaye katika kizazi cha nane, kilichoonyeshwa Julai 2019.

Kwa nini wakati ule? Kwa sababu nguvu zilishapita uwezo wa tairi. Corvette kali kabisa ya kizazi cha saba ilifika nguvu za farasi 755, na zote zinapelekwa tairi za nyuma wakati uzito wa injini uko mbele. Ukikanyaga, tairi zinakwaruza lami bure. Ukiweka uzito juu ya tairi zinazosukuma, gari inashika. Hilo ni jambo la mizani, kama mpakiaji wa punda anavyojua mzigo ukae wapi. Na injini ilipohama, umbo lilihama: boneti likafupika, kioo cha mbele kikasogea, mabega yakaota mianya ya kuvuta hewa. Aliyeipenda Corvette ya boneti refu alipoteza kitu, na sidhani ni haki kumcheka. Lakini hakudanganywa.

Jambo linalonifikirisha ni hili: kizazi kilichotangulia, cha mwaka 2014, hakikugusa mahala pa injini, ila kilibadilisha taa za nyuma. Tangu mwaka 1961 zilikuwa nne, mara nyingi za duara, na sasa zikawa na pembe. Kelele iliyopigwa juu ya zile taa! Ni yaleyale ya Porsche. Uso ulibadilishwa, mifupa ikabaki, na watu wakauliza sababu ambayo haikuwapo.

Mabaharia wetu wana msemo, tezi na omo marejeo ni ngamani. Maji yaingie kwenye tezi, yaani nyuma, au kwenye omo, yaani mbele, mwisho yanakusanyika chini, ndani ya ngama. Ndivyo ninavyousoma ubishi wote huu wa taa na mabawa.

Miezi michache nyuma nilikuwa Nungwi, kwenye ule ufukwe ambao vyombo vinaundwa mchangani. Harufu ya sifa inakufikia kabla hujaona chombo, ile harufu ya mafuta ya papa inayong'ang'ania nguoni mpaka unafika mjini. Fundi alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua ambayo bado ni mbavu tupu, anatoboa taruma, yaani ubavu mmoja, kwa keekee, upinde unakwenda na kurudi, unga wa mbao unamwagika mguuni kwake. Nilimuuliza kama wateja wa siku hizi wanaleta maumbo mapya.

"Wanaleta picha za simu," aliniambia bila kusimamisha mkono. "Mtu anataka omo kama ya boti aliyoiona Dubai. Mie simkatazi. Ila kwanza namuuliza, utatia tanga au utafunga mashine?"

Nikamwambia anifafanulie. Aliweka keekee chini, akashika mwisho wa mkuku, uti wa chini wa chombo, kwa viganja viwili. Chombo cha tanga, alisema, kinasukumwa kutoka juu, pale kwenye mlingoti, kwa hiyo tumbo lake na mkuku wake vinapingana na upepo unaotaka kukilaza. Mashine inasukuma kutoka nyuma, chini. Ukifunga mashine kubwa kwenye chombo chenye tezi nyembamba, ukiipa moto nyuma inazama na omo inaangalia mbinguni. Kwa hiyo wa mashine anakatiwa tezi pana, mbao nene, na hesabu ya mataruma inabadilika tangu mwanzo. "Akishanijibu," alisema, "hiyo omo ya Dubai tutaizungumza mwisho."

Sikuwa nimemhadithia habari za nahodha. Waliuliza suali moja, watu wawili wasiojuana, mmoja kwa gari na mmoja kwa mashua.

Na pwani hii ilishawahi kufanya mageuzi makubwa kuliko ya Corvette. Kabla ya jahazi palikuwa na mtepe. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, hauna msumari wa chuma hata mmoja, tanga lake ni la mkeka, omo yake imesimama mbele kama shingo ya ngamia. Mbao zilizoshonwa zinalegea na wimbi, na chombo kikipwelewa mchangani kinajikunja badala ya kupasuka. Umbo lote lile lilitokana na kushonwa. Msumari ulipoenea na biashara ikataka mzigo mkubwa zaidi, likashika jahazi lenye mbao za kupigiliwa na tezi iliyokatwa bapa. Nimetazama majahazi mengi maishani mwangu na sijaona hata moja lililobandikwa shingo ya ngamia ili kumfurahisha aliyeukumbuka mtepe. Mafundi waliuacha mtepe uende na umbo lake na jina lake. Mwaka 2003 mmoja uliundwa upya na kuwekwa Beit-al-Ajaib ili watu wauone ulivyokuwa, nao ulishonwa, haukupigiliwa.

Linganisha na kilichofanywa na Volkswagen. Ile gari ya mgongo wa kobe, ambayo wazee wetu wengi waliijua, ilikuwa na injini nyuma, na ndiyo iliyompa mgongo ule. Ziliundwa zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Mwaka 1997 kampuni ikatoa Beetle mpya. Ndani ilikuwa Golf, gari nyengine ya kampuni hiyohiyo: injini mbele, tairi za mbele ndizo zinazovuta. Juu yake wakafinika kuba la zamani. Ukikaa kwenye usukani, dashibodi ilikwenda mbele mbali kama meza ya kulia, kwa sababu kioo kilisogezwa ili kuba litimie, na aliyekaa nyuma aliinamisha kichwa kwa sababu paa lilikuwa linateremkia injini ambayo haipo. Karibu na usukani wakaweka chombo kidogo cha kutia ua. Iliuzwa, watu waliipenda, na sitawalaumu waliotabasamu walipoiona. Lakini mimi naiona kama ile milango ya kuchonga inayotundikwa siku hizi kwenye mahoteli ya ufukweni. Mlango wa Mji Mkongwe ulichongwa kwa ajili ya ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa mkono mzima. Fremu yake nzito ina kazi ya kufanya. Ukiupachika kwenye ukuta wa matofali ya saruji ya inchi sita, unabaki picha ya mlango. Mgeni anapiga picha, fundi anageuza uso.

Ford nao waliponea chupuchupu. Miaka ya 1980 walipanga Mustang ya kizazi kipya iwe gari ya kuvutwa na tairi za mbele, iliyojengwa juu ya mifupa ya Mazda. Habari zikatoka, wapenzi wakaandika barua kwa wingi, na kampuni ikabadilisha mawazo: gari ile ikatoka, lakini ikaitwa Probe, na Mustang ikaendelea na njia yake. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa magari yote mawili. Ndiyo sababu nilisikitika mwaka 2019 walipochukua jina hilohilo la Mustang wakalipa gari ya familia ya umeme, yenye milango minne na kimo cha juu. Gari yenyewe si mbaya. Ingepewa jina lake ingesimama kwa miguu yake.

Nitoe na kesi inayonisumbua, nisije nikaonekana nimechagua zinazonifaa tu. Alpine A110 ya Ufaransa, ile iliyotoka mwaka 1962, injini yake ilikuwa nyuma ya ekseli kama 911. Jina lilipofufuliwa mwaka 2017 injini ilikuwa imesogezwa mbele ya ekseli, katikati. Kwa kanuni yangu umbo lilipaswa kubadilika. Halikubadilika sana: taa nne mbele, mstari ule wa boneti, mgongo ule mfupi. Na mimi naipenda. Nimejiuliza kwa nini, na nadhani jibu ni uzito. Gari ile ina kama kilo 1,100 tu katika zama ambazo gari ya spoti ya tani moja na nusu ni jambo la kawaida. Wepesi ndio uliokuwa asili ya Alpine, ndio uliotoa ule mwili mwembamba, na wepesi umebaki. Injini nayo haijavuka kwenda mbele ya dereva. Kwa hiyo suali la nahodha nalipanua kidogo: pamoja na mahala pa injini, tazama gari ile iliishi kwa kitu gani.

Kuna mahala Afrika Mashariki ambapo mambo haya yalipimwa kwa matope. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na ambayo zamani ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikumsamehe mtu kwa sura. Datsun 240Z, gari ya spoti ya boneti refu, ilishinda mwaka 1971, na ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta wa Kenya. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 zilizonyanyuliwa juu na kukingwa kwa chuma chini, na Vic Preston Jr akamaliza wa pili, nyuma ya Peugeot 504. Gari iliyochorwa kwa barabara za lami za Ujerumani ilipandishwa, ikavishwa ngao, ikatupwa kwenye mawe, na mgongo wake bado ulikuwa uleule na una maana ileile, kwa sababu injini juu ya tairi zinazosukuma ndiyo inayokutoa kwenye tope. Umbo lililozaliwa na kazi linaweza kupewa kazi nyengine likaistahimili.

Na sasa umeme. Hapa ndipo wenzangu tunaopenda magari ya zamani tutajulikana kama tunapenda kweli au tumezoea tu. 911 ya mwaka 2024 ya aina ya GTS imetiwa msaada wa umeme: mota ndani ya gia boksi, turbo inayosukumwa kwa umeme, betri ndogo mbele. Lakini injini ya lita 3.6 bado iko nyuma, silinda sita zimelala vilevile, na kwa hiyo mgongo bado ni halali. Taycan, gari ya umeme mtupu ya Porsche ya mwaka 2019, ilipewa jina lake na mwili wake, kama 928 zamani. Mpaka hapo sina ugomvi nao.

Siku itakayokuja 911 isiyo na injini kabisa, betri imetandazwa chini ya miguu na mota ndogo zimefichwa kati ya tairi, nitataka mgongo ule uondoke. Nasema hivi nikiwa mtu niliyelala na picha ya gari hiyo ukutani tangu niko skuli. Mchoraji apewe karatasi tupu, atafute umbo linalotokana na betri na upepo, kwa sababu gari ya umeme inakwenda mbali kadiri inavyoteleza hewani, na huenda akapata mstari mwengine ambao watoto wa leo wataufuata kwa vidole miaka sitini ijayo. Akipewa mgongo wa zamani aufinike juu ya betri, atakuwa amepewa kazi ya kuchonga mlango wa hoteli.

Wiki iliyofuata kijana alirudi barazani na picha nyengine. Safari hii ilikuwa Jaguar, gari ya mfano iliyoonyeshwa Miami Desemba 2024, ile iliyozusha ubishi mkubwa mitandaoni, ya umeme mtupu, ya waridi. Aliwaambia wale wapenda mageuzi kwamba haya ndiyo mageuzi yenyewe, kampuni imefuta yote ikaanza upya. Kweli gari ilikuwa haifanani na chochote pale mtaani. Mbele ilikuwa na boneti refu mno. Nikakumbuka Jaguar E-Type ya mwaka 1961, ambayo boneti lake lilikuwa refu kwa sababu chini yake zilisimama silinda sita kwa mstari mmoja, lita 3.8 za chuma.

Nahodha aliomba simu. Aliivuta karibu, akaisogeza mbali. Kidole gumba kilianzia puani mwa gari, kikasafiri juu ya boneti, kikachukua muda kufika kwenye kioo.

"Mashine yake iko wapi?"

"Haina mashine ya moto, babu. Ina betri, chini ya sakafu."

Mzee alikirudisha kidole mwanzo wa boneti, akakipitisha tena.

"Sasa humu mbele wamepakia nini?"

Kijana alichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku. Muuza kahawa alikuwa keshaanza kukusanya vikombe.